Kisa cha kichanganuzi cha Kiamazigh: kipi kitungiwe kanuni, kipi kiorodheshwe

Usuli

Kisa hiki ni cha kikundi kidogo nchini Moroko kilichojitwika kazi ya kujenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiamazigh, yaani programu inayopokea neno lilivyoandikwa na kueleza shina lake, aina yake, umoja au wingi wake na nafsi ya mtendaji. Majina ya watu, taasisi, mji na mfadhili nimeyaondoa. Niliitwa kama msomaji wa nje kazi ilipokwama, kwa kuwa nimezoea kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Ninayoyaeleza yametoka kwenye kumbukumbu zao za kazi na katika mazungumzo na watu watatu: mratibu, mwandaaji programu, na mwanaisimu ambaye Tachelhit ndiyo lugha yake ya mama.

Kwa asiyeijua lugha yenyewe: Kiamazigh ni jamaa wa mbali wa Kiarabu, Kihausa na Kisomali. Kina lahaja nyingi, kuanzia oasisi ya Siwa nchini Misri hadi pwani ya Atlantiki, na kusini hadi kwa Watuareg wa Mali na Niger. Moroko ina tatu kubwa: Tarifit kaskazini, Tamazight ya Atlas ya Kati, na Tachelhit kusini. Taasisi ya Kifalme ya Utamaduni wa Kiamazigh, IRCAM, iliundwa mwaka 2001 na iko Rabat. Mwaka 2003 nchi ilichagua maandishi ya Tifinagh, yenye herufi 33, na Septemba mwaka huohuo somo likaanza katika shule za msingi. Tifinagh iliingia Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, mwaka 2005, na katiba ya 2011 ikaipa lugha hadhi ya kuwa rasmi. Algeria ilifanya hivyo mwaka 2016, ila huko, hasa Kabylia, watu wengi huandika kwa herufi za Kilatini.

Miaka hiyo ina uzito katika kisa hiki. Matini nyingi za Tifinagh zilizochapwa kabla ya Unicode zilitumia fonti zilizozivika herufi za kawaida sura ya Tifinagh. Ukinakili maandishi hayo bila fonti yake, unabaki na mkorogo wa herufi za Kilatini usiosomeka.

Hitaji lilikuwa kamusi ya mtandaoni kwa wanafunzi na walimu. Mtoto akikuta "idurar" kitabuni, kamusi impeleke kwenye "adrar", mlima. Akikuta "tmghart", impeleke kwenye "tamghart", mwanamke. Kamusi za karatasi humtaka mtafutaji awe analijua tayari umbo la msingi, na anayelijua hilo kwa kawaida si yule anayehangaika.

Uamuzi wa zana

Mwandaaji programu alichagua HFST, zana huria ya Helsinki inayojenga mashine za hali: kila herufi inayosomwa huisogeza mashine kutoka hali moja hadi nyingine, na ikifika mwisho salama neno limekubaliwa. Njia hiyo ina mizizi katika kazi ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983, na ndiyo iliyompa Arvi Hurskainen msingi wa kichanganuzi chake cha Kiswahili kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Sababu zao zilikuwa mbili. Mashine ileile huchanganua na kuzalisha, na kamusi ilihitaji yote mawili, kwani ukurasa wa kila neno ungeonyesha jedwali la maumbo yake. Pili, haihitaji matini nyingi.

Mfadhili alitaka mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza yenyewe kutokana na mifano mingi. Mratibu alikataa, akaeleza kwamba matini ya Kiamazigh cha Moroko iliyowekewa alama kwa mkono, waliyoifahamu wakati ule, ilikuwa ya maneno kama 20,000. Kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kina maumbo kadhaa ya shina, na kila moja hubeba viambishi vya nafsi mbele, nyuma au pande zote mbili, hicho ni kiasi cha kuonja tu. Nadhani alikuwa sahihi kabisa, na mambo yaliyofuata hayakunibadilisha mawazo.

Hapo walikuwa salama. Mambo yaliharibika walipogawana kazi: mambo gani ya lugha yatungiwe kanuni, na yapi yaandikwe mojamoja kwenye leksimu, yaani orodha ya maneno ambayo mashine huitegemea.

Wingi wa nomino ulivyoleta vurugu

Mwandaaji programu alikuwa amewahi kushughulikia wingi wa Kiarabu, ule unaovunja neno kwa ndani. Aliona jambo lilelile hapa, akaamua kulitungia kanuni. Kanuni ya kwanza iligeuza "a-" kuwa "i-" na kuongeza "-n" mwishoni: "argaz", mwanamume, wingi "irgazn". Safi. Ya pili ilibadili vokali za ndani: "agadir", ghala la pamoja la ngome kama yale ya milima ya Anti-Atlas, wingi "igudar", na "adrar", wingi "idurar". Kisha likaja "afus", mkono, wingi "ifassn", penye konsonanti iliyokazwa (huandikwa mara mbili) ambayo umoja hauna. Likaja "asif", mto, wingi "isaffn". Likaja "izm", simba, wingi "izmawn".

Kila neno jipya lilizaa kanuni mpya, na kila kanuni ilijaribu kuyashika maneno ya wenzake. Kwa "agadir" mashine ilikubali "igudar" na "igadirn" kwa pamoja. Katika kuchanganua hilo halikuumiza sana, maana hakuna aandikaye "igadirn". Katika kuzalisha lilikuwa balaa: jedwali la maumbo, lile mwanafunzi aliloambiwa aliamini, lilionyesha wingi wa aina tatu au nne, mwingine haujapata kutamkwa na mtu yeyote.

Mwanaisimu aliwaonya mapema. Kumbukumbu za kazi zinaonyesha hoja yake iliandikwa chini ya "maboresho ya baadaye". Nimeona kichwa hicho katika miradi mingi. Ndipo maonyo huenda kulala.

Umbo fungamani, lililoorodheshwa bila haja

Wakati huohuo kitu chenye utaratibu kilikuwa kinaandikwa kwa mkono. Nomino ya Kiamazigh ina maumbo mawili: huru na fungamani. Umbo fungamani hutokea baada ya vihusishi vingi, baada ya namba "moja", na pale kiima kinapokuja nyuma ya kitenzi. "Argaz" ni mwanamume akisimama peke yake. Nyumba ya mwanamume ni "tigmmi n urgaz". Mwanamume mmoja ni "yan urgaz".

Mtu fulani alikuwa ameamua mwanzoni kwamba jambo hili halitabiriki, kwa hiyo kila nomino iliingizwa mara mbili: "argaz" na "urgaz", "adrar" na "udrar", "tamghart" na "tmghart", "aman" na "waman". Leksimu ilikua maradufu. Zaidi ya hapo, waliochapa walipitiwa hapa na pale, na umbo fungamani lililokosekana halikuonekana hadi neno likutwe kwenye sentensi.

Ukiyapanga maneno hayo, makundi yanajitokeza yenyewe. Nomino nyingi za kiume hugeuza "a-" kuwa "u-". Za kike huacha vokali baada ya "t-". Baadhi zina vokali isiyobanduka, nazo huongeza "w-" au "y-" mbele: "ass", siku, huwa "wass", "izm" huwa "yizm". Za kike za kundi hilo hazibadiliki: "tala", chemchemi, hubaki "tala". Maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu pamoja na "l-" yake, kama "lktab", kitabu, nayo hayabadiliki.

Kuna mtego mmoja. "Afus" na "asif" yana umbo moja kwa macho: a, konsonanti, vokali, konsonanti. Lakini moja huwa "ufus" na jingine "wasif". Hakuna kanuni ya sauti itakayokuambia hilo. Kinachotakiwa ni alama moja kwenye leksimu inayotaja kundi la neno. Yaliyobaki mashine huyafanya yenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa hali hii upesi: huwezi kujua ngeli ya kila nomino kwa kuitazama, ila ukishaambiwa, upatanisho wote unajulikana.

Kitenzi

Viambishi vya nafsi havikusumbua: "-gh" kwa mimi, "i-" au "y-" kwa yeye wa kiume, "t-" kwa yeye wa kike, "n-" kwa sisi, "-n" na "-nt" kwa wao. Vilimalizika haraka na havijaguswa tena.

Kilichosumbua ni shina. Kitenzi kina shina la wazo tupu, la tendo lililotimia, la lililotimia katika ukanushi, na la tendo linaloendelea au la mazoea. "Yufa" ni amepata. Hakupata ni "ur yufi", "a" ikigeuka "i" kwa sababu tu ya ukanushi. Shina la mazoea hutengenezwa kwa njia kadhaa: "mun" hupata "tt-" na kuwa "ttmun", "skr", kufanya, huingiza vokali na kuwa "skar", vingine hukaza konsonanti.

Ni ipi ikazwe? Katika Tachelhit "krz", kulima, huwa "kkrz", lakini "mgr", kuvuna, huwa "mggr". François Dell na Mohamed Elmedlaoui, walioichunguza Tachelhit ya Imdlawn katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba jibu limo kwenye silabi. Lugha hiyo huruhusu konsonanti kuwa kiini cha silabi, mahali ambapo kwa kawaida huwa na vokali, na inayokazwa ni ile inayotangulia kiini. Katika "krz" kiini ni "r", kwa hiyo "k" hukazwa. Katika "mgr" kiini pia ni "r", na "g" ndiyo iliyo mbele yake.

Mwandaaji programu aliipenda kanuni hii, na nani asingeipenda. Aliiandika vizuri, ikafanya kazi kwa vitenzi vya kundi hilo. Halafu zikaletwa matini za lahaja nyingine, na katika Taqbaylit ya Kabylia kitenzi kilekile, "krez", huwa "kerrez": imekazwa "r". Kanuni haikuwa na kosa. Ilikuwa ya mahali pengine.

Tahajia, adui asiyeonekana

Sehemu kubwa ya maneno yaliyokataliwa na mashine hayakuwa na uhusiano wowote na mofolojia. Nitataja matatizo mawili.

Herufi "ɣ" ya Kilatini ina namba yake katika Unicode, U+0263. Kibodi nyingi hazina, kwa hiyo waandishi kwa miaka mingi wameazima gama ya Kigiriki, "γ", U+03B3. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi ngeni, na neno zima hutupwa. Ndivyo ilivyo kwa "ɛ" na epsiloni, na kwa "ḍ", ambayo huandikwa ama kama herufi moja ama kama "d" iliyofuatwa na nukta ya chini. Matini moja iliyotoka kwa waandishi watatu inaweza kuwa na yote haya.

La pili lilitokana na vitabu vilivyopigwa skana. Katika Tifinagh, "n" ni kistari kimoja kilichosimama, ⵏ, na "l" ni viwili, ⵍ. Kwa hiyo "nn" na "l" hutofautiana kwa upana wa nafasi tu. Programu ya kusoma picha ilikuwa inaigeuza ⵉⵏⵏⴰ, amesema, kuwa ⵉⵍⴰ. Katika hadithi za watoto, ambamo kila mhusika "amesema" jambo, kosa hilo lilikuwa kila ukurasa.

Jaribio lililofungua macho

Matokeo ya jaribio la kwanza yalipendeza kupita kiasi. Matini ya jaribio ilitoka katika vitabu vilevile vya shule ambavyo leksimu ilichotwa humo, na hakuna aliyeuliza. Mfadhili aliarifiwa, furaha ikawa furaha.

Kisha mwanaisimu akaleta ngano zilizokusanywa vijijini. Mashine iliyakataa maneno mengi. Jambo lililomshtua mratibu zaidi, hata hivyo, lilikuwa yale iliyoyakubali: neno la herufi moja, "d", lilirudi na majibu kadhaa kila lilipotokea, na lilitokea karibu kila sentensi.

"D" yaweza kuwa "na" au "pamoja na". Katika lahaja kadhaa ni "ni", kama "d argaz", ni mwanamume. Yaweza pia kuwa kijineno kinachoonyesha kwamba tendo linaelekea kwa msemaji: "yucka d", amekuja huku ("c" hutamkwa "sh"). Katika tahajia ya IRCAM vijineno hivi huandikwa vikiwa peke yake. Kabylia huviunganisha kwa kistari. Tena huhama. Amemkuta ni "yufa t". Hakumkuta ni "ur t yufi", kijineno kikiwa kimerukia mbele ya kitenzi kwa kuvutwa na "ur".

Hapa ndipo umbo fungamani, ambalo mtu mmoja kikundini alikuwa amependekeza lifutwe kwenye majibu ili "kurahisisha", lilipoonyesha thamani yake. "D argaz", umbo huru: ni mwanamume. "D urgaz", umbo fungamani: na mwanamume. Mashine ikilitupa umbo, imetupa ushahidi pekee uliokuwepo.

Na hata ushahidi huo una mpaka. "Idda d urgaz" yaweza kusomwa "mwanamume amekuja", "d" ikiwa ya mwelekeo na "urgaz" kiima kilichofuata kitenzi. Yaweza pia kusomwa "amekwenda pamoja na mwanamume". Pande zote mbili umbo ni fungamani. Wingi nao una shida: katika Tachelhit "irgazn" ni uleule huru na fungamani, wakati Taqbaylit hutofautisha "irgazen" na "yirgazen".

Maamuzi mapya

Walisimamisha uingizaji wa maneno mapya, wakageuza mgawanyo wote. Wingi uliondolewa kwenye kanuni: kila nomino sasa ina shina la umoja na shina la wingi, yote yameandikwa na mtu anayeijua lugha. Umbo fungamani lilifanywa kinyume chake: marudio yalifutwa, kila nomino ikapewa alama ya kundi, na kanuni fupi zikafanya kazi iliyobaki. Kwa vitenzi, shina la mazoea linaorodheshwa daima, na kanuni ya silabi imebaki kama mkaguzi: ikitofautiana na orodha katika matini za Tachelhit, mtu anaitwa atazame. Huo ulikuwa uamuzi wa mwandaaji programu mwenyewe, na kwangu ndio wa busara kuliko yote katika kazi hii, maana alihifadhi alichokipenda bila kukiachia usukani.

Mbele ya mashine waliweka hatua ya kusafisha tahajia: kila matini, ya Tifinagh au Kilatini, hugeuzwa kuwa alfabeti moja ya ndani, na ya asili huhifadhiwa pembeni. Gama ya Kigiriki hugeuka "ɣ" kimyakimya. Neno lenye "l" ambalo leksimu hailijui hujaribiwa tena kwa "nn", ila kwa vitabu vya skana tu.

Nyuma ya mashine waliweka kanuni za muktadha za kuondoa majibu yasiyofaa. Ziliandikwa kwa tahadhari: zikiona "idda d urgaz" huyaacha majibu yote mawili. Kulikuwa na ubishi juu ya hili. Mratibu alitaka jibu moja kwa kila neno. Mwanaisimu alisema kamusi inayobahatisha inafundisha uongo. Mwanaisimu alishinda safari hii.

Na lahaja? Walianza na zote tatu za Moroko; wakarudi kwenye Tachelhit peke yake, kwa sababu ndiyo waliyokuwa na mtu wa kuisahihisha kila siku.

Matokeo

Utafutaji wa kamusi unafanya kazi: "igudar" humpeleka mtoto kwenye "agadir", "wasif" kwenye "asif". Majedwali ya maumbo yamesafishwa, na walimu wameacha kuleta malalamiko ya wingi usiokuwepo. Mashine pia hutumika kuwasaidia wanaoweka alama kwenye matini, wakichagua kati ya majibu badala ya kuanza na ukurasa mtupu.

Kikagua tahajia, kilichoahidiwa katika ombi la fedha, hakijatolewa. Ili kumwambia mtu amekosea lazima ujue lililo sahihi, na kuhusu mipaka ya maneno na konsonanti zilizokazwa watumiaji wenyewe hawajakubaliana.

Uchambuzi

Chaguo la mashine za hali lilifaa, na lingefaa tena leo. Mwaka 2024 Google iliiongeza Tamazight katika huduma yake ya tafsiri, na watu wameniuliza kama hilo halijaifanya kazi hii ipitwe na wakati. Tafsiri ya sentensi haimwambii mwanafunzi kwamba "ifassn" ni wingi wa "afus". Ni mahitaji tofauti.

Kilichoshindwa kilishindwa kwa sababu inayojulikana: kanuni ziliandikwa pale palipokuwa pa kusisimua, na orodha pale palipochosha. Wingi unaovunjika unavutia akili. Umbo fungamani linaonekana dogo. Lugha yenyewe iko kinyume. Swali ambalo lingewaokoa ni jepesi: nikipewa nomino ambayo sijawahi kuiona, nitapatia umbo hili mara ngapi? Kwa umbo fungamani, ukijua kundi, karibu daima. Kwa wingi, hata mzungumzaji mzawa husita kwa neno la kijiji cha jirani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kosa la uongozi kuliko la ufundi. Leksimu na jaribio havipaswi kunywa kisima kimoja, na mratibu alilijua hilo. Ratiba ya ripoti ndiyo iliyomsukuma. Pia walipima kama neno limepata jibu, bila kupima kama jibu ni sahihi. Kwa lugha ya "d", kipimo hicho hupanda kadiri mashine inavyokuwa holela.

Kuhusu kupunguza lahaja, nina shaka. Kazi iliokolewa, lakini leksimu sasa imejaa mambo ya Tachelhit ambayo hayajawekewa alama kuwa ya Tachelhit, na kuyatenganisha baadaye kutagharimu. Alama ya lahaja kwenye kila shina ingechukua muda mchache tangu siku ya kwanza.

Hatua inayofuata ni Tarifit, na huko kuna kazi nyingine. "L" ya lahaja nyingine huko hutamkwa karibu na "r", na "ll" hugeuka "dj". Wanaofuata tahajia sanifu huandika "ul", moyo. Anayeandika anavyotamka huandika "ur", na "ur" ndilo neno la kukanusha. Kikundi bado kinabishana kama ugeuzaji huo uwekwe kwenye hatua ya kusafisha tahajia au ndani ya leksimu. Mimi nimependekeza leksimu, kwa kuwa msafishaji hawezi kujua ni "ur" ipi ya kugusa.